UZI: Karatasi za rasimu ni utafiti au ni takataka? Kutoka Lubumbashi

MwalimuKamalondo (mwanzisha uzi)

Jambo zenu wote. Nafundisha kuchora hapa Lubumbashi, na kila msimu wa kutetea memwari, yaani tasnifu ya kumalizia chuo, nakutana na jambo lile lile linaloniuma. Mwanafunzi analeta kurasa nyingi za maneno na picha chache safi zilizochorwa mwishoni, zimepakwa rangi, zimepangwa nyuma kwenye viambatisho. Ukimwuliza zile karatasi alizokuwa anazichafua tangu mwanzo ziko wapi, anajibu kwamba alizitupa, au wameziwashia mbabula, jiko la makaa. Mimi naamini utafiti wenyewe ulikuwa kwenye karatasi hizo.

Nieleze kwa mfano. Nilimsimamia binti mmoja wa Katuba, hapa hapa mjini, aliyetafiti maji kwenye parseli (viwanja vya nyumba) za mtaani kwao. Swali lake la kwanza lilikuwa la umbali: kutoka bombani hadi jikoni ni hatua ngapi, nani anabeba, saa ngapi. Nikamwomba aliache jedwali kwanza, achore parseli moja kama inavyoonekana kutoka juu, kisha kila anayepita na ndoo amfuatishe kwa penseli, mtu mmoja mstari mmoja. Mwanzoni karatasi ilikuwa vurugu tupu. Baadaye vurugu ile ikaanza kupata umbo: mistari yote ilipinda mahali pamoja, karibu na mwembe, ilhali njia fupi ilikuwa kunyoosha tu. Chini ya mwembe ule ndipo mama mzee wa nyumba anakaa asubuhi. Hakuna anayekatiza mbele yake. Watu wanazunguka, wanainama kidogo, wanamwamkia, ndipo wanaendelea na ndoo yao.

Katika mahojiano yake yote hakuna aliyewahi kumtajia hilo, maana hakuna aliyelihesabu kuwa jambo la kutaja. Swali lake likabadilika: heshima inapanga vipi njia za ndani ya parseli? Jedwali lisingempa swali hilo, kwa sababu visanduku vya jedwali unavitengeneza wewe mwenyewe kabla hujaenda kuangalia, na yeye hakuwa na kisanduku cha mwembe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tunachora ili tujue. Wazo haliji likiwa limekamilika kichwani halafu mkono ukalinakili. Mara nyingi linapatikana karatasini, kati ya mstari wa kumi na wa kumi na moja. Kama ni hivyo, rasimu ni ushahidi, na nafasi yake ni katikati ya kazi. Nyinyi mnaonaje? Kazini kwenu mnafikiri kwa kuchora? Na mnaokaa kwenye majuri, yale mabaraza ya kupima memwari, mngezikubali rasimu hizo?

---

Mutoto_wa_Kenya

Mwalimu, ile ya mwembe ni ya kweli kabisa. Kwetu huku kartye ya Kenya, mutaa wa hapa Lubumbashi, nako ni vile, auwezi kupita mbele ya muzee bila kumupa jambo. Lakini sikuwaza hata siku moja kwamba inaonekana kwa muchoro. Nafuata huu uzi.

---

Jiwe_na_Nyundo

Salamu kutoka upande wa migodi. Mimi ni mjiolojia, si msanii, ila Mwalimu umenigusa panapohusika.

Huku Katanga tabaka zenye shaba na kobalti hazikutulia. Zilikunjwa, zikasukumwa, zikavunjika mapande makubwa. Pande moja laweza kuwa na urefu wa mamia ya mita au zaidi, limezungukwa na mwamba uliosagika. Sasa tuseme umechoronga mashimo mawili. La kwanza limekutana na tabaka lenye madini kwenye kina cha mita 60. La pili, mita 150 pembeni, limelikuta kwenye mita 110. Ndani ya jedwali namba hizo mbili zinakaa kwa amani kabisa. Anza kuchora mkato wa ardhi, yaani ardhi kama ingekatwa wima, kati ya mashimo hayo uone mkono unavyosita. Je, ni tabaka moja linaloteremka? Au limekatwa na ufa katikati, na ulichokutana nacho kwenye shimo la pili ni pande jingine kabisa? Ukichora jibu la kwanza, unalazimika kuonyesha na tabaka za juu yake zikiteremka vivyo hivyo, na hapo ndipo unagundua kwamba sampuli za juu hazikubaliani nawe.

Programu za kompyuta zinachora mkato huo kwa muda mfupi sana, nami nazitumia. Ila zisipoambiwa kuwa kuna ufa, huunganisha namba kwa ulaini na kupita juu yake bila kujua. Kwa hiyo vijana ninaofanya nao kazi nawataka wachore kwa mkono kwanza. Mkono unaposita, pale ndipo penye swali.

---

Msomaji_Mkali

Niko Bukavu, fani yangu ni historia. Nimesoma kwa makini na sijashawishika.

Binti wa Katuba aligundua jambo, nakubali. Lakini aligundua kwa *kuangalia*. Mtu mwenye macho mazuri na daftari la maneno angeweza kuandika: "wote wanazunguka mwembe." Mchoro umeongeza nini?

Pili, utafiti ni hoja, na hoja inahitaji maneno matatu: *hapana*, *kama*, *labda*. Mchoro hauna hata moja kati ya hayo. Naweza kuchora mji. Siwezi kuchora kwamba mji huo haukuwepo. Naweza kuchora mfalme akiua. Siwezi kuchora kwamba labda hakuua. Mkituletea juri mafungu ya karatasi zenye mistari, tutazipimaje? Kwa uzuri? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu nimewahi kuona "utafiti wa kisanaa" ambao mwenyewe alishindwa kutuambia alikuwa anauliza nini.

---

Jiwe_na_Nyundo

Ndugu yangu wa Bukavu, kuhusu *labda* niruhusu. Kwenye ramani za jiolojia mstari mzima maana yake mpaka huu nimeuona kwa macho. Mstari uliokatika-katika maana yake naukisia. Mstari wa nukta maana yake umefunikwa na udongo. Palipo na shaka zaidi tunaweka alama ya kuuliza juu ya mstari wenyewe. Ramani nzuri inakuonyesha mara moja ni wapi mchoraji anajua na ni wapi anadhani, wakati katika ripoti ya maneno inabidi uwinde hilo "labda" kurasa nzima.

---

MwalimuKamalondo

Asante Jiwe. Msomaji, maswali yako ndiyo niliyokuwa nayasubiri, nayajibu kwa kirefu.

Kwanza la kuangalia. Mwaka 1609 watu wawili, kila mmoja kwake, walielekeza darubini kwenye mwezi. Thomas Harriot, Mwingereza, alitangulia: alichora mwezi Julai mwaka huo. Galileo akafuata miezi michache baadaye huko Padua. Mwezi ni ule ule. Mchoro wa kwanza wa Harriot unaonyesha mpaka wa mwanga na giza kama mstari uliokwaruzika, na madoa ambayo hayasemi ni kitu gani. Galileo yeye alikuwa amejifunza kuchora, na baadaye, mwaka 1613, alipokelewa kwenye chuo cha wachoraji cha Florence. Alijua jinsi kivuli kinavyoangukia kitu chenye mgongo na bonde. Alipokuwa anaweka wino hatua kwa hatua, madoa yale yakawa vivuli, vivuli vikawa vya milima, na kutokana na vivuli hivyo akakadiria urefu wa milima yenyewe. Harriot alikuja kuchora mashimo ya mwezi baada ya kitabu cha Galileo kutoka mwaka 1610. Alikuwa na macho na alikuwa na darubini. Alichokosa ni mazoea ya mkono yanayomfanya mtu aulize kivuli hiki kimetoka wapi.

Na binti wa Katuba hakuuona mwembe kwa kuangalia, ingawa amekulia kwenye parseli hiyo hiyo na kuuzunguka mwembe huo maisha yake yote. Aliuona pale mistari ya watu wa siku mbalimbali ilipolala pamoja mbele yake. Macho yanaona mpita njia mmoja kwa wakati. Karatasi inawaweka wote mahali pamoja.

La *hapana* nakukubalia. Mchoro peke yake haukanushi. Ndiyo maana sisemi maneno yaondoke. Donald Schön, Mmarekani aliyechunguza jinsi wasanifu wa majengo wanavyofanya kazi, aliandika mwaka 1983 kuhusu mazungumzo kati ya mchoraji na mchoro: unaweka mstari, karatasi inakuonyesha jambo ambalo hukulikusudia, unaitikia kwa mstari mwingine. Ninachodai kwa wanafunzi wangu ni kwamba mazungumzo hayo yaandikwe. Nilitaka hivi, karatasi ikanionyesha vile, nikabadilisha hili. Hapo juri inakuwa na kitu cha kupima, na uzuri hauhusiki hata kidogo.

Halafu wewe ni mwanahistoria, na hapa Lubumbashi tunaye shahidi wako. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mji huu, mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, michoro takriban mia moja, na akaieleza mmoja mmoja mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Mazungumzo hayo yalikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha Katanga. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na sioni kwa nini tumnyime. Aliyachagua matukio, akayapanga, akatoa hukumu. Picha bila maelezo yake zingepungua sana. Maelezo bila picha yasingekuwepo, kwa kuwa kila picha ndiyo iliyomfungulia mdomo.

---

HesabuTamu

Habari kutoka Dar. Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Uzi mtamu, ila mnaongea kama kila mtu anajua kuchora. Mimi hata kuku simwezi. Mtu kama mimi anaingilia wapi?

---

MwalimuKamalondo

Unaingilia hapa hapa, na tena kwa hisabati. Watafiti wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 kwamba watu waliochora neno walilikumbuka vizuri kuliko waliolirudia kuliandika, na uzuri wa mchoro haukuwa sababu. Hilo ni la kumbukumbu tu, halithibitishi dai langu lote. Kwa hiyo nakupa kitu cha kujaribu mwenyewe.

Wachokwe, ambao wako Angola, Zambia na huku kwetu kusini mwa Kongo, wana michoro ya mchangani inayoitwa sona. Mmoja ni lusona. Mzee anasawazisha mchanga, anaweka nukta kwa ncha za vidole kwa umbali sawa, kisha anapitisha mstari kati ya nukta bila kuinua kidole, huku anasimulia. Vijana walijifunza ile ya kawaida jandoni. Ile migumu ilibaki kwa wajuzi wachache. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuichunguza.

Chukua umbo moja tu kati yake, lile linalofanana na msuko wa mkeka. Weka nukta kwa safu, tuseme 3 kwa 4. Zizungushie fremu, ukiacha nusu ya umbali wa nukta pande zote. Anza kwenye fremu, mkabala na nukta yoyote ya pembeni, uende mshazari ukipita katikati ya nukta na nukta. Ukigonga fremu, geuka mshazari kama mpira unavyodunda ukutani. Endelea mpaka urudi ulipoanzia. Kama kuna nukta ambayo haijazungukwa pande zake nne, anza mstari mwingine. Wachokwe hulainisha zile kona, wewe usijali.

Swali: unahitaji mistari mingapi kumaliza? Jaribu 3 kwa 4, kisha 2 kwa 2, kisha 4 kwa 6. Nakuomba usitafute jibu popote. Chora.

---

HesabuTamu

Nimerudi. Nimetumia karatasi za mraba za wanafunzi.

3 kwa 4: mstari mmoja, umezunguka kote na kurudi nyumbani.
2 kwa 2: miwili.
4 kwa 6: miwili.
Nikaendelea kwa hiari yangu. 3 kwa 3: mitatu. 2 kwa 5: mmoja. 3 kwa 6: mitatu.

Nilipofika 3 kwa 6 nikasimama ghafla. Hii ni KKS! Kigawo kikubwa cha shirika! Kwa 4 na 6 ni 2, kwa 3 na 6 ni 3, kwa 3 na 4 ni 1. Nimefundisha KKS miaka yote hii kwa kugawanya namba kwa namba tasa, sikuwahi kuiona *ikitembea*.

---

Msomaji_Mkali

Vizuri, lakini mifano sita si uthibitisho. Labda ya saba itakataa. Mnaona? Mchoro unapendekeza, hauthibitishi.

---

HesabuTamu

Haki yako kabisa, ndugu. Ila uthibitisho nimeupata kwenye karatasi ile ile. Kila nukta inazungukwa na vipande vinne vya mshazari. 4 kwa 6 ni nukta 24, kwa hiyo vipande ni 96 jumla. Sasa mstari mmoja unatumia vipande vingapi hadi kurudi nyumbani? Ili ufunge, lazima uwe umekwenda na kurudi mara kamili kwa upana, na mara kamili kwa urefu. Kwenda na kurudi kwenye upande wa nukta 4 ni vipande 16. Upande wa nukta 6 ni vipande 24. Namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 16 na 24 ni 48. Basi mstari mmoja unakula vipande 48, na 96 gawanya kwa 48 ni 2. Weka namba nyingine zozote, hesabu ni ile ile: zao la namba mbili gawanya kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) yake, na hilo ndilo KKS.

Nisingefikiria kuhesabu vipande kama nisingekuwa nimevichora kimoja kimoja.

---

Msomaji_Mkali

Nimekubali hilo, na nimekubali kwa furaha. Lakini nimsumbue Mwalimu kidogo. Nimesoma kwamba mjuzi wa sona akisitasita katikati ya mchoro, watazamaji waliona hajui, wakamtabasamia kwa kejeli. Kwa hiyo mzee anayechora vizuri mchangani hafikiri, anakariri. Mfano wako unageuka dhidi yako: Jiwe anasema penye kusita ndipo penye fikra, Wachokwe wanasema penye kusita ndipo penye ujinga.

---

MwalimuKamalondo

Hoja nzuri kuliko zote kwenye uzi huu. Nimeikalia tangu jana.

Naona tutenganishe anayetunga na anayeonyesha. Mbele ya watu, mzee anaonyesha kilichokwisha kupatikana, na hapo ulaini ndio heshima yake. Lakini mtu fulani, zamani, alikaa peke yake na mchanga akatafuta njia ya kuzunguka nukta zile kwa mstari mmoja. Huyo alisita, akafuta, akajaribu tena. Nina hakika kwa sababu tumemwona HesabuTamu akipita njia hiyo hiyo. Mchanga ukafutwa, na jina la mtungaji likaenda nao. Memwari za wanafunzi wangu ziko vivyo hivyo: wanatuletea onyesho laini, na utungaji wametupa. Ndilo jambo linaloniuma tangu mwanzo.

Tena kuna njia ya tatu. Waluba, upande wa kaskazini wa Katanga, wana lukasa: ubao mdogo wa kushikwa mkononi, umepachikwa shanga au umechongwa alama. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kupitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, wakisoma wafalme, safari, mahali patakatifu. Ubao huo huo ulisomwa tofauti kulingana na shughuli na wasikilizaji. Shanga hazibadiliki, usomaji unabadilika. Mbele ya ubao ule mjuzi alilazimika kufikiri upya kila mara: shanga hii leo, mbele ya watu hawa, inasimama badala ya nani? Mimi rasimu nzuri naiona hivyo. Ukiirudia baada ya mwezi inakujibu swali ambalo siku ulipoichora hukuwa nalo.

---

Mutoto_wa_Kenya

Mwalimu, mie niko natayarisha memwari ya ujenzi, juu ya masoko. Sasa nifanye namna gani ili juri isiseme ni kuchafua makaratasi tu? Unipe ya kushika mukononi.

---

MwalimuKamalondo

Binti yangu, anza na hili kabla ya mengine yote: usifute. Mstari uliokosea uache, pitisha mwingine pembeni. William Kentridge wa Johannesburg huchora kwa mkaa, hufuta na kuchora tena juu ya karatasi ile ile huku akipiga picha kila badiliko, na alama za kilichofutwa zinabaki zikionekana kama ukungu. Wewe huna haja ya kamera. Tumia karatasi ya kunakilia, ile inayoonyesha kilichoko chini, uweke tabaka juu ya tabaka.

Juu ya kila karatasi andika tarehe na swali unalouliza *kabla* hujaanza. Sentensi moja inatosha: "wachuuzi wa samaki wanageukia wapi jua likipanda?" Ukimaliza, andika chini kile ambacho hukukitegemea. Kama hakuna, andika hakuna. Hiyo nayo ni taarifa. Utakapoandika sura zako, chagua karatasi ambazo swali liligeuka, uziweke ndani ya sura yenyewe, na maneno yaeleze mgeuko huo. Nyingine zote zifungwe kwenye jalada ambalo juri inaweza kulifungua ikitaka.

Kwa alama, fuata utaratibu wa Jiwe: mstari mzima ulichokiona, uliokatika unachokisia. Ukiliheshimu hilo, Msomaji hatakuwa na la kukukamata kwenye *labda*.

---

Msomaji_Mkali

Nikiwa kwenye juri yako, binti, kazi ya namna hiyo nitaisoma kwa moyo. *Hapana* bado ni ya maneno, hapo sijahama.

---

Jiwe_na_Nyundo

Jamani, mimi nimebaki kwenye nukta. Kwenye 2 kwa 2 yenye mistari miwili nimeweka kaukuta kati ya nukta mbili, pale pale mistari inapokatana, ili ikifika igonge na kugeuka badala ya kupitana. Mistari miwili ikaungana ikawa mmoja. Nimejaribu na ile 4 kwa 6, nikaweka ukuta mmoja mahali mistari yote miwili inapokutana: mmoja tena. Kwangu mimi huo ukuta ni ufa, na nimeanza kuangalia mikato yangu kwa jicho jingine.

---

HesabuTamu

Ukuta lazima uwe mahali mistari *miwili tofauti* inapokatana, hapo itaungana kila mara. Ukiuweka mahali mstari unapojikata wenyewe, unaweza hata kupasuka ukawa miwili. Kwa 3 kwa 3 basi unahitaji kuta zisizopungua mbili. Kesho nawapa kidato cha pili, bila kuwatajia KKS. Nitawapa nukta tu, na nitakusanya karatasi zote, na zilizokosewa pia.